Macho Hayana Pazia

Wahenga walisema macho hayana pazia, nami kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu anayetazama tu hamdhuru yeyote. Ndege wa bustani yangu hapa Dar es Salaam walinifundisha vingine.

Mwaka mmoja ndege mdogo aitwaye chozi alijenga kwenye mlimao ulio karibu na dirisha la jikoni. Jike alisuka kiota kwa nyasi kavu, akakifunga kwa utando wa buibui, kikaning'inia mithili ya kifuko chenye mlango ubavuni. Dume, ambaye manyoya yake hung'aa juani na kuonekana meusi kivulini, alikuwa akija na kuondoka. Nilikaa na kamera siku tatu nisipate picha ya kuridhisha, kwani majani yaliuziba mlango. Siku ya nne nilichukua mkasi, nikakata vijitawi viwili tu. Mwanga ukaingia, nami nikampata mama akiwalisha makinda wawili, midomo wazi.

Kesho yake kiota kilikuwa kimechanwa. Kunguru wa Bara Hindi, ambao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka na leo wameenea pwani, walikuwa wamekiona kile nilichotaka kukiona mimi.

Nilijitetea kwamba sikukusudia, na kwamba niliwapenda ndege wale. Lakini utetezi huo haukunituliza. Kwangu majani yalikuwa kizuizi cha picha. Kwao yalikuwa ukuta wa nyumba. Jirani akitoboa ukuta wangu kwa sababu anapenda kuwatazama wanangu, sitaanza kwa kumuuliza nia yake.

Je, anayependa kutazama ana haki gani juu ya anachokitazama? Naona kuna kupenda kunakodai kuona kila kitu, na kuna kupenda kunakoridhika na nusu. Kule kwa kwanza hujihudumia kwenyewe, hata kukijiita huruma. Bado napiga picha, ila siku hizi jani likiziba naliacha lizibe.

Picha ile ingali ukutani. Wageni wengi wameisifu, nami nilipokea sifa nikanyamaza, kwani picha nzuri haisemi nani aliilipia. Mgeni wa mwisho nilimweleza yote. Akaniuliza kwa nini basi sijaiondoa. Nilimjibu kwamba nikiiondoa, hakuna atakayebaki wa kunishtaki.