Namna Hubadilika, Deni Halibadiliki: Wachungaji Wazee na Wachungaji Vijana Katika Makanisa ya Kibaptisti ya Goma

Kila siku ya yenga, watu wakitoka ibadani Katindo, Himbi, Majengo au Ndosho, kuna mazungumzo yanayowafuata mpaka nyumbani. Wazee wanasema: «Batoto ya leo banapigiaka Mungu kelele sawa vile haiko na masikio.» Vijana wanajibu: «Bazee banashikiliaka kiti sawa vile ni yabo.» Kila upande unacheka, kiisha kila upande unakasirika.

Mazungumzo hayo yanahusu uchungaji. Je, uchungaji wa kweli ni ule wa wazee au huu wa vijana? Katika kijitabu cha mila na desturi swali hilo lina mahali pake, kwa sababu Ubaptisti umefikia karibu miaka mia moja katika Kivu, na jambo lililodumu miaka mia limekwisha kuwa desturi ya watu. Maoni yangu ni kwamba tunahukumu namna na tunasahau deni. Mchungaji anadaiwa na kondoo wake jambo moja mbele ya yote: kuwajua. Namna ya kulipa deni hilo inaweza kubadilika na nyakati. Deni lenyewe halibadiliki.

Namna mbili

Tuanze na wazee, kama adabu inavyotaka. Mchungaji wa kizazi kilichofuata wamisionari alisomea shule ya Biblia kwenye misioni, akatembea kwa miguu toka kilima hadi kilima. Alikuwa mhubiri, mwalimu wa kusoma na kuandika, na mara nyingi mwamuzi wa mashamba na mahari. Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa. Alifika nyumbani kwa mtu, akaketi, akanywa alichopewa, akauliza habari za mbuzi na za watoto, na jambo lililomleta akalisema karibu na kuondoka. Ibadani alivaa koti na tai hata jua likiunguza. Wimbo ulitoka kitabuni. Mwenye kosa la wazi alizuiwa kwenye Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya kanisa. Neno lake lilikuwa zito kwa sababu lilichelewa kutoka.

Mchungaji kijana anasimama. Wengi wao wamepita chuo kikuu, kama ULPGL iliyozaliwa hapa Goma mwaka 1985; wamesoma Kigiriki na Kiebrania, na kazi yao ya mwisho wameiandika kwa Kifaransa. Anatembea mbele ya watu, mikro mkononi. Siku ya tano usiku ana mkesha wa maombi, na majirani hawalali. Asubuhi ujumbe wake unaingia katika telefone za waamini mbele ya chai. Anapenda mambo yajibiwe upesi: mgonjwa aombewe sasa, ugomvi umalizwe leo, anayetaka kuokoka asogee mbele bila kungoja.

Sisemi kwamba kila mtu anaingia katika picha hizi. Kuko wazee wenye sauti ya radi, na kuko vijana wapole kupita mababu zao. Ninasema juu ya mwelekeo, na mwelekeo huo kila anayesali mjini ameuona.

Zilitoka wapi?

Wengi hufikiri utulivu wa wazee uliletwa na Wamarekani waliofungua kazi ya Kibaptisti katika Kivu mwaka 1928. Ni kweli kwa sehemu tu. Kwa Wanande kulikuwa na kyaghanda, ile nyumba ya wanaume yenye moto katikati, ambamo wazee walisema na vijana walisikiliza. Hapo kijana alifundishwa kwamba mwenye neno kubwa husema mwisho. Makabila mengine ya Kivu yana baraza zao zenye adabu inayofanana na hiyo. Mchungaji mzee anayenyamaza mpaka wote wamalize kusema alijifunza hivyo karibu na moto, mbele ya kujifunza lolote kwa mzungu. Anayedharau namna yake kama mabaki ya wamisionari anadharau babu yake mwenyewe bila kujua.

Lakini kyaghanda ilikuwa ya kilima, na kilimani watu walikuwa haohao. Mchungaji aliweza kuchelewa kwa sababu kesho angewakuta. Goma haiko hivyo. Mlima ulituunguza mwaka 1977. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia kwa siku chache tu, na kolera ikaua watu kwa wingi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikata mji mpaka ziwani, na tukajenga tena juu ya makoro. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukarudi. Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji wenyewe. Katikati ya miaka hiyo yote watu wa Masisi, wa Rutshuru, wa Walikale wamekuwa wakifika na magodoro kichwani, wakipanga nyumba miezi mitatu, kiisha wanahama.

Mchungaji kijana amezaliwa ndani ya haraka hiyo. Nusu ya watu walio mbele yake hawamjui, na pengine hatawaona tena. Akipandisha sauti, si lazima iwe ni majivuno. Mtu anayeita kundi lililotawanyika hawezi kunong'ona. Tukumbuke pia mwaka 2020, makanisa yalipofungwa juu ya Korona toka Machi hadi Agosti. Miezi ile waliozoea telefone ndio waliofikia watu kwanza, na mama mjane aliyesomewa Zaburi katika telefone hakuuliza kama hiyo ni desturi au si desturi.

Wazee nao walikuwa vijana

Kuna jambo ambalo vijana hawaambiwi vya kutosha. Wamisionari wa CBFMS, waliopokea kazi ya Kibaptisti ya Kivu katika miaka ya 1940, waliweka uinjilisti mbele ya yote. Wakristo wa hapa walitaka Injili, lakini walitaka tena shule za kweli, matibabu, na sauti katika uongozi. Wamisionari waliogopa kwamba shule zinazosaidiwa na Serikali zingepoza imani. Mgongano ulikua karibu na uhuru, na katika miaka ya 1960 kanisa likagawanyika. Katika mvutano huo ndimo ilitoka Jumuiya iliyoitwa CBK, ambayo leo tunaiita CBCA, moja kati ya jumuiya za ECC.

Walioomba shule wakati ule walikuwa watu wa damu changa. Kama hawangekaidi, hatungekuwa na shule hizi zote za CBCA, wala hospitali ya Virunga hapa mjini, wala ile ya Katwa karibu na Butembo. Matunda yakaonekana hata katika uongozi: Samuel Ngayihembako, daktari wa theolojia aliyekuwa rekta wa ULPGL, baadaye aliongoza CBCA yenyewe. Elimu iliyoogopwa na wengine ndiyo ilizaa wazee wa kanisa.

Basi mzee anayesema kwamba vijana wana haraka akumbuke haraka ya 1960. Na kijana anayewaona wazee kama watu waliozaliwa wakiwa wameketi, ajue kwamba kiti hicho kilipatikana kwa kusimama.

Tupime kwa mizani ya deni

Tukiisha kukubali kwamba kila namna ina sababu yake, hatujasema bado kwamba kila namna ni njema. Mizani ni ile niliyoitaja: je, mchungaji huyu anajua watu wake?

Mahali pa kupimia ni matanga. Mzee anafika usiku wa kwanza, anaketi juu ya ubao pamoja na wengine, na kwa saa tatu hasemi kitu. Watoto wa marehemu wakikua watasahau mahubiri yote, lakini hawatasahau kwamba aliketi pale. Kijana mwingine anafika wakati jeneza linatoka, anashika mikro, anahubiri vizuri sana, na anakosea jina la marehemu. Hapo hakuna theolojia ya kumtetea. Penye kilio, kufika ni nusu ya neno, na mikro haiwezi kufika kwa niaba ya miguu.

Lakini tusikimbilie kumpa mzee ushindi. Kuna nyumba ambamo mchungaji mzee ameketi mara kumi, amekunywa chai mara kumi, na mara kumi amemwambia mama avumilie. Anajua historia ya ukoo, anajua mahari ilikuwa mbuzi ngapi, na hajui kwamba mama huyo anapigwa. Au anajua, na ananyamaza kulinda heshima ya nyumba. Katika jimbo letu, ambalo wanawake wengi wametendewa vibaya na watu wenye silaha na hata na watu wa kwao, ukimya huo umeficha vidonda vingi. Vijana wengi ndio waliothubutu kusema mambo hayo wazi juu ya mimbari. Na msichana anayeogopa kuonekana mlangoni kwa pasta anaweza kumwandikia usiku katika telefone jambo ambalo hangelisema sebuleni mbele ya baba yake.

Kwa hiyo kukaa peke yake si kujua, na kusema peke yake si kujua. Mzee anaweza kukaa miaka ishirini karibu na mtu asimwone. Kijana anaweza kusema na watu elfu moja asimjue hata mmoja. Deni linabaki palepale.

Eli na Samweli

Wazee wanapenda kutukumbusha Rehoboamu, mfalme aliyekataa shauri la wazee akafuata la vijana, na ufalme ukapasuka. Ni mfano mzuri, lakini tuusome mpaka ndani. Wazee wale hawakumshauri awape viti. Walimshauri awe mtumishi wa watu. Mzee anayetaja habari hiyo ili abaki juu ya kiti hajaisikia.

Mimi ninaona mfano wa Eli una faida zaidi. Eli alikuwa mzee, macho yamefifia, na nyumba yake imeharibika. Mtoto Samweli aliposikia sauti usiku, alimkimbilia yeye mara tatu. Eli alifahamu kwamba Mungu anaita, na kwamba haiti yeye. Hata hivyo alimfundisha mtoto namna ya kuitika. Hakusema: «Sauti ikitaka kusema, ipite kwangu kwanza.» Hapo ndipo ukubwa wa mzee unaonekana, kumfundisha kijana kusikia hata kama neno linalokuja litamhukumu yeye mwenyewe. Na Samweli, asubuhi, alifungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida. Alikuwa amepewa neno kubwa usiku, na bado alifanya kazi ndogo ya asubuhi. Kijana aliyepewa neno na akaacha milango imefungwa, huyo hajawa Samweli.

Kiti na nyumba

Ili tusibaki katika maneno matamu, nitaje jambo ambalo linasemwa chinichini. Tunasema wazee wanapenda kiti. Lakini wachungaji wengi wanakaa katika nyumba ya kanisa, na siku wanapoacha kazi wanaiacha na nyumba. Mtu aliyetumika miaka arobaini kwa sadaka za watu maskini, bila pansheni ya kutosha na bila kiwanja, tunamwomba atoke kwa furaha aende wapi? Ukitaka kujua kwa nini mzee hatoki, uliza kwanza atalala wapi. Hapo lawama inatuhama wachungaji na inatujia sisi waamini.

Vivyo hivyo kwa kijana. Tunamlaumu kwamba hatembelei watu. Mara nyingi anafundisha masaa katika shule mbili, au anauza kitu, juu sadaka haitoshi kulisha watoto. Mguu wenye njaa haufiki mbali.

Desturi ya Kibaptisti, tangu Waingereza wachache walipojikusanya Amsterdam mwaka 1609, ni kwamba kusanyiko la waamini lina neno katika mambo yake. Basi kusanyiko liseme. Kila kanisa liweke mfuko wa nyumba ya mchungaji anayezeeka, na liuanze angali na nguvu. Mchungaji akihamishwa, asimwachie mwenzake ufunguo na kitabu cha hesabu peke yake. Watembee pamoja, nyumba kwa nyumba, na mzee aseme: huyu alifiwa na mtoto, huyu hasemi na ndugu yake, mgonjwa yuko chumba cha nyuma. Ujuzi huo haupatikani chuo kikuu, na mzee akifa nao umepotea. Na kijana amwonyeshe mzee yale yanayoandikwa usiku na watu wasioweza kusema mchana, akificha majina yao.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, ikiwa wazee wenyewe wamekubali neno lipite kwao liende kwa wengine. Kondoo, wao, hawaulizi kama mchungaji ameketi au amesimama. Wanauliza kama anajua majina yao.