Kutoa Bila Kutawala: Ushirika na Huduma katika Vikundi vya Nyanda za Juu za Kigoma

Swali la kama wema unaofanywa kwa pamoja, tena kwa furaha, una thamani sawa na wema unaofanywa kwa siri na kwa kujinyima, ni swali la zamani katika dini na falsafa, lakini ni mara chache limeulizwa mahali ambapo watu wa kawaida hulijibu kila wiki kwa matendo yao, yaani katika kikundi cha huduma cha kijijini. Kikundi cha huduma kinachokusudiwa hapa ni umoja wa hiari wa majirani wanaokutana kwa siku maalumu, wanaochanga fedha au nguvu zao kwa ajili ya mtu aliye nje ya kaya zao, na ambao, jambo lisilopaswa kupuuzwa, hula, huimba na kucheka pamoja wakati wanapofanya hivyo. Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kitanga na vijiji vingine vya Kasulu hadi Kibondo, umoja wa namna hii huitwa kikundi, chama au jumuiya, na ni nadra kuitwa klabu, kwa sababu kilabu, katika Kiswahili cha vijijini, ni mahali panapouzwa pombe ya kienyeji. Tofauti hiyo ya jina si utani mtupu, kwani ndani yake mna shaka ileile ambayo wanateolojia na wanafalsafa wameieleza kwa maneno marefu zaidi, kwamba penye starehe nyingi huduma huwa kisingizio.

Shaka hiyo ina msingi hata katika historia ya klabu za huduma zinazojulikana zaidi duniani. Rotary ilianzia Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, pale wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu, na jina lake linatokana na desturi yao ya kuzungusha mikutano katika ofisi za wanachama, kwa zamu. Nia yao ya kwanza ilikuwa urafiki na kupeana wateja, na ni mwaka 1907 tu ndipo klabu hiyo ilipojishughulisha na kazi ya umma, ilipopigania kujengwa kwa vyoo vya umma mjini humo. Huduma, kwa maneno mengine, ilizaliwa baada ya ushirika, na wala haikuwa mzazi wake. Mwishoni mwa mwaka 1950, Ofisi Takatifu ya Vatikano, chombo kilichokuwa na wajibu wa kulinda mafundisho ya imani, iliwakataza mapadri kujiunga na Rotary na kuwaonya waumini wawe na hadhari na vyama vya namna hiyo. Vyovyote ilivyokuwa historia ya amri hiyo, swali lililo nyuma yake ni la haki: wema unaotendwa chini ya nembo ya klabu, na ambao wanachama hupongezana kwa ajili yake, unatendwa kwa ajili ya nani?

Vitabu vya dini vyenyewe havitoi jibu rahisi. Katika mafundisho ya mlimani, Injili ya Mathayo inamtaka mtoaji asiupigie tarumbeta msaada wake, na iwe kana kwamba hata mkono wake mmoja haujui kilichofanywa na mwingine. Kurani, katika Sura ya al-Baqara, haikatai sadaka ya dhahiri, bali huiita njema, kisha huiweka juu yake sadaka anayopewa maskini kwa siri. Katika falsafa, Immanuel Kant alikwenda mbali zaidi mwaka 1785 alipodai kwamba tendo la ukarimu linalofanywa na mtu ambaye moyo wake hufurahia kusaidia, ingawa linastahili kusifiwa, halina thamani ya kweli ya kimaadili, kwa kuwa thamani hiyo hutoka kwenye wajibu peke yake. Kwa kipimo hicho, wanawake wa kikundi wanaokwenda na kuni, maji na unga kwa mfiwa huku wakiwa wamevaa vitenge vya sare na wakifurahia kuwa pamoja njiani, wamejipunguzia thawabu kwa kila hatua ya furaha yao. Matokeo hayo yanatosha kumfanya msomaji ashuku kipimo chenyewe kabla hajawashuku wanawake hao.

Aristotle, aliyeandika zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Kant, anatoa mlango mwingine, kwa kugawanya urafiki katika aina tatu: ule unaotokana na manufaa, ule unaotokana na raha, na ule unaotokana na wema wa marafiki wenyewe. Mgawanyo huo hufaa mezani kuliko kijijini, kwa sababu kikundi cha Kasulu hakiwezi kuchanwa vipande vitatu: mkopo ni manufaa, wimbo ni raha, na kumwosha mgonjwa asiye na ndugu ni wema, na yote matatu hufanywa na watu walewale, pengine alasiri moja.

Ili kuona kinachohatarisha huduma kwa kweli, inafaa kuacha kuuliza habari za furaha na kuuliza habari za utawala, na kwa hilo Buha, yaani nchi ya Waha inayojumuisha Kasulu na Kibondo, ina kumbukumbu yenye mafundisho kuliko vitabu vingi. Kabla ya uhuru, nchi hii ilikuwa ya falme ndogondogo, kama Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu kaskazini zaidi, kila moja chini ya mtawala aliyeitwa mwami, na miongoni mwa mahusiano yaliyowafunga watu wake palikuwa na ubugabire. Ubugabire ulikuwa mkataba ambao mwenye ng'ombe alimkabidhi mtu mwingine ng'ombe mmoja au zaidi, na mpokeaji, pamoja na kunufaika na maziwa, samadi na sehemu ya ndama, alirudisha utii, kazi na heshima kwa mtoaji. Aliyetazama kwa haraka aliona ukarimu, kwani tajiri amempa maskini mnyama wa thamani. Lakini zawadi hiyo haikukoma kuwa ya aliyeitoa, na mpokeaji alibaki mtu wa chini yake kwa kadiri ng'ombe huyo alivyoishi na kuzaa. Hapakuwa na dhambi ya kufurahia kutoa. Kasoro, kwa macho ya leo, ni kwamba mkondo wa zawadi ulikwenda upande mmoja na mkondo wa utii ukarudi upande wa pili, na kamwe mikondo hiyo haikubadilishana njia.

Pembeni ya ubugabire palikuwa na desturi nyingine, ya unyenyekevu zaidi na kwa hiyo isiyoandikwa sana, ya kazi ya zamu. Mwenye shamba aliwaita majirani, akaandaa chakula na pombe, nao wakaja na majembe yao, na kesho yake, au msimu uliofuata, yeye aliitwa kwa mwingine. Warundi, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiha, huiita kazi ya namna hii ikibiri. Mtu anayeamini kwamba pombe ile ilikuwa ujira, na hivyo kazi yote ilikuwa biashara, anasahau kwamba thamani yake haikulingana na kazi iliyofanywa, na kwamba waliokunywa walikuwa pamoja na mwenyeji, si watumishi wake. Pombe ilifanya kitu ambacho mshahara hauwezi kukifanya, nacho ni kumketisha aliyesaidiwa na waliomsaidia kwenye mduara mmoja, jioni ileile, kabla deni halijapata muda wa kugeuka kuwa ukubwa.

Hapa ndipo hoja ya makala haya ilipo. Ushirika katika kikundi cha huduma si mafuta ya kuendeshea huduma, wala si zawadi wanayojipa wanachama baada ya kutenda mema. Ni kinga dhidi ya ubugabire unaojificha ndani ya kila msaada. Furaha ya pamoja humwondoa mtoaji kwenye kiti cha juu, mradi tu aliyesaidiwa awe na nafasi katika furaha hiyo.

Jambo hilo linaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa wakati ambapo ushirika ulitolewa kwa amri. Julius Nyerere, katika andiko lake la Aprili 1962 juu ya ujamaa, aliukumbuka udugu wa kale kama hali ya moyo ambayo haikuhitaji kufundishwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwahamisha wakazi wa mkoa huu kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika hadi kwenye vijiji vya pamoja, na kazi ya jembe ambayo zamani iliitishwa na jirani ikawa inaitishwa na ofisa, kwa orodha ya mahudhurio. Neno kujitolea, ambalo kwa maumbile yake lina kitenzi cha kutoa kinachomrudia mtendaji mwenyewe, yaani kuitoa nafsi, likaanza kutumiwa kwa kazi ambazo nafsi haikuulizwa. Haistahili kusemwa kwamba yote yalikuwa hasara, maana shule na zahanati zilisogezwa karibu na watu. Lakini sarufi ya neno lile ilivunjwa, na hata leo, mtendaji wa kijiji anapotangaza siku ya kujitolea, wapo wanaouliza kwanza faini ni shilingi ngapi.

Vikundi vya siku hizi vimejenga upya hiari hiyo kwa vifaa vidogo sana. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa, unaojulikana Tanzania kama VICOBA, una asili katika kazi ya shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na ulipofika huku ulikutana na desturi iliyokuwa ikiungoja. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, na fedha hufungwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, hivi kwamba hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Kando ya hisa upo mfuko wa jamii, mchango mdogo ulio sawa kwa kila mmoja, ambao hautozwi riba na hutolewa kwa mwanachama aliyefiwa au aliyeugua. Sanduku hilo linasema, kwa chuma na mbao, jambo ambalo Kant hakulifikiria: kwamba wema hauhitaji kuthibitishwa na moyo wa mtu mmoja, kwa sababu unaweza kuwekwa katika mpangilio ambao hakuna mtu mmoja anayeumiliki. Vikundi vya kufa na kuzikana, jina ambalo kwa ukweli wake limezidi majina mengi ya mashirika, hufuata njia hiyo. Mchango wa rambirambi huandikwa daftarini, na wanaolaumu daftari kwamba linaua ukarimu hawajamwona mfiwa anayeweza kupokea bila kuinama kwa sababu jina lake limo katika kurasa zilizotangulia, akiwa mtoaji.

Neno lenyewe ushirika lina somo lake. Linatoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa na sehemu pamoja na mwingine, na mzizi huohuo umezaa shirki, dhambi ambayo kwa Mwislamu ni kubwa kupita zote, yaani kumpa Mwenyezi Mungu mshirika; wakati huohuo Wakristo wanaita Ushirika Mtakatifu tendo lililo kitovu cha ibada yao. Tendo la kushiriki linalokatazwa kwa Mungu ndilo linaloamriwa kwa binadamu, na pengine sababu ni moja: Mungu ndiye mtoaji asiyeweza kurudishiwa, na binadamu anayetaka kutoa bila kamwe kupokea anajikweza hadi mahali pasipo pake. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele chao katika miaka ya 1970, walichagua mkutano wa nyumba kwa nyumba, na uchaguzi huo ulikuwa na hekima ambayo huenda ni zaidi ya mpango wa kichungaji: kaya masikini kuliko zote nayo, zamu yake ikifika, huwa mwenyeji.

Hata hivyo, hoja iliyotolewa hapa ina mpaka wake, na katika nyanda hizi mpaka huo unaonekana kwa macho. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 ili kupokea Warundi. Zamu haiwezi kumfikia mtu ambaye haruhusiwi kuwa mwenyeji, na mgao unaopokewa kwa kadi na kwa foleni, hata ukitolewa kwa nia safi kabisa, unafuata mkondo wa upande mmoja. Inawezekana ndiyo maana watu walio kambini nao huunda kwaya, timu za mpira na mifuko yao ya kuchangiana, wakijitengenezea wenyewe nafasi ya kutoa.

Mpaka mwingine uko karibu zaidi, na haulindwi na serikali yoyote. Kikundi kinachodai kiingilio, hisa ya kila wiki, sare na mchango wa sherehe kinaweza, bila kukusudia, kumweka nje yule ambaye kilianzishwa kwa ajili yake. Na tangu halmashauri zianze kutenga sehemu ya mapato yao kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vimezaliwa pia vikundi ambavyo wanachama wake hufahamiana hasa kupitia fomu ya maombi. Katika vikundi vya kweli vilevile, mwanachama aliyeishiwa ni nadra kufukuzwa. Hukosa mkutano mmoja kwa kisingizio cha shamba, kisha wa pili kwa kisingizio cha mgonjwa, kisha haonekani tena, na katibu, anapoita majina, hufika kwenye jina lake na kulipita polepole kidogo kuliko mengine.