Kugawia na Kugawana: Maadili ya Kutoa katika Mitaa ya Kibera na Kawangware

Methali isemayo "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" hufasiriwa mara nyingi kama kauli iliyokamilika kuhusu maadili ya ukarimu. Kwa mujibu wa fasiri hiyo, thamani ya tendo la kutoa hutokana na nia ya mtoaji, wala si wingi wa anachokitoa. Fasiri hii si potofu, ila ina upungufu: inamtazama mtoaji peke yake. Mpokeaji hana nafasi ndani yake isipokuwa ya kunyoosha mkono. Makala haya yanadai kwamba suala la kutoa haliwezi kutatuliwa bila kumweka mpokeaji katikati ya mjadala, na kwamba maisha ya mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, yanalithibitisha dai hilo.

Lugha yenyewe inatoa mwanga. Kutokana na kitenzi "gawa" hunyambuliwa vitenzi viwili vilivyo karibu kwa umbo na mbali kwa maana. Katika kauli ya kutendea, mtu humgawia mwingine: yupo agawaye na yupo agawiwaye, na nafasi zao hazibadiliki. Katika kauli ya kutendana, watu hugawana: kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Tofauti hii ya kisarufi ni tofauti ya kimaadili pia.

Hatari ya kugawia ilidhihirika Kibera tarehe 10 Aprili 2020. Kutokana na maradhi ya korona, kafyu ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, na tangu tarehe 6 Aprili watu walizuiwa kuingia au kutoka Nairobi. Vibarua wengi wakakosa kazi. Siku hiyo umati ulikusanyika kupokea chakula cha msaada. Watu walisukumana na kukanyagana, polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi, na wengine wakajeruhiwa. Hapana haja ya kuutilia shaka moyo wa waliotoa. Hata hivyo, katika msongamano wa namna hiyo mwenye nguvu ndiye atanguliaye, ilhali ajuza, mgonjwa na mama aliyebeba mtoto, ambao ndio wahitaji zaidi, hubaki nyuma. Moyo mwema, basi, haukutosha.

Aidha, kugawia huweza kuzaa deni. Harambee, iliyotiliwa mkazo na Jomo Kenyatta tangu 1963, ilijenga shule na zahanati nyingi kwa michango ya wananchi. Baadaye ikawa pia jukwaa la wanasiasa kutangaziwa michango yao na kudai utii. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ililazimika kuwakataza maafisa hao kutumia shinikizo katika kuchangisha.

Kinyume chake ni chama cha kuchangiana kwa zamu, kilichoenea katika mitaa yote miwili. Apokeaye leo alitoa jana na atatoa kesho. Kwa hiyo hapokei kwa haya. Hapa ndipo kugawana kunapopata sura kamili.

Lakini ingekuwa kosa kukomea katika sifa hizo. Chama kina mlango, na ufunguo wake ni mchango. Asiye na cha kuchanga hukumbushwa kwamba mkono mtupu haulambwi. Tena, ujira wa wengi ukatikapo kwa pamoja, kama ilivyotokea 2020, hakuna mwenye zamu ya kumwinua mwenzake. Wakati huo kugawia kunakuwa wajibu, na aliye nje ya mtaa hawezi kujitoa. Swali la kumuuliza mtoaji, basi, si kiasi gani ametoa, wala kwa moyo gani tu, bali kama tendo lake linamrejesha mpokeaji miongoni mwa wanaogawana.

Kwa msingi huo, methali "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", ambayo Julius Nyerere aliitumia katika insha yake ya 1962 kuhusu Ujamaa, inastahili kusomwa upya. Kwa kawaida huchukuliwa kuwa karipio kwa mvivu. Lakini kitenzi chake ni "mpe", na amri hiyo anaelekezwa mwenyeji. Ni juu yake kuwa na jembe la kutoa na shamba la kulimwa. Mgeni wa Kawangware hana shamba. Jembe lake ni kibarua, mathalani cha kufua nguo katika nyumba za Lavington, mtaa wa wenye nafasi unaopakana na Kawangware. Mwajiri anayempunja ujira kisha akampelekea unga wakati wa dhiki amemgawia sehemu ya kilichokuwa haki yake. Ukarimu wake ungepaswa kuanzia katika ujira, kwa kuwa ujira huo ndio umwezeshao mfuaji kulipa mchango wa chama na kumfaa jirani yake zamu ifikapo.