Kamera Mtaani na Haki ya Jirani

Mitaa ya miji yetu hufungwa mara kwa mara na hakuna anayekwenda mahakamani. Ukitokea msiba Magomeni au Kariakoo, maturubai hufungwa katikati ya njia, viti vya plastiki hupangwa mpaka mlangoni kwa jirani, masufuria ya wali hutelekwa pembeni, na mwenye gari akifika hapo hugeuza akatafuta pa kupita. Harusi nayo huja na spika zake, na usingizi wa mtaa mzima hupotea. Watu huvumilia kwa sababu wanajua kuna siku zamu itakuwa yao, na aliyetoa njia leo atapewa njia kesho. Kundi la filamu linapofika na malori, jenereta na taa zake, linaomba uvumilivu uleule, lakini halina zamu ya kurudisha. Likimaliza kazi linaondoka, na waliolala vibaya hawatalidai chochote. Hapo ndipo penye swali la kimaadili la kupiga filamu katika makazi ya watu. Uvumilivu wa majirani umejengwa juu ya kutendeana, na asiyeweza kutendewa kwa zamu hana haki ya kuudai bure. Kwa hiyo naamini kazi kubwa ya sheria ya vibali vya filamu ni kuweka kitu mahali pa ile zamu inayokosekana.

Suala la nani ana haki gani njiani lilifikiriwa zamani sana kabla ya kamera. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Syria aliyefariki mwaka 1277, analijadili katika mlango wa sulhu wa kitabu chake Minhaj at-Talibin, ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii katika pwani yetu wamekisoma kwa vizazi. Njia inayopenya ni ya wote, na kila mtu ana haki ya kupita, mradi asifanye humo jambo la kuwadhuru wapitao. Njia isiyopenya, yaani kichochoro kinachoishia ukutani, ni ya wale ambao milango yao inafungukia humo, na mtu wa nje hana ruhusa ya kutoa roshani juu yake bila ridhaa yao. Ubora wa mgawanyo huu ni kwamba unamtazama anayeishi na njia ile. Unakwenda sambamba na mafundisho mengine mawili ambayo kila mtoto wa chuoni huyajua. La kwanza ni hadithi ya Mtume inayokataza kudhuru na kulipizana madhara. La pili limo katika Sura ya Nuru, inayowataka waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na wakiambiwa warudi, warudi. Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa adabu hiyohiyo. Kabla ya mlango kuna daka lenye mabaraza pande mbili, mahali ambapo mgeni hupokelewa bila kuyaona ya ndani. Kati ya njia ya umma na chumba cha familia kuna eneo la tatu, na kulipita kunahitaji idhini. Lenzi ndefu hulivuka eneo hilo ikiwa mwisho wa kichochoro, bila mguu wa mtu kukanyaga kizingiti. Ndiyo maana kusema barabara ni ya umma hakumalizi mjadala.

Tukizitazama sheria zetu, tunaona swali lao la msingi ni jingine. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ya Kenya, iliyotungwa mwishoni mwa ukoloni mwaka 1962, ilimtaka mwombaji wa kibali aeleze matukio yatakayopigwa picha na kuwasilisha maneno yatakayotamkwa. Tanzania ina Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, na marekebisho ya 2019 yakawataka watengenezaji wa nje waiachie Bodi ya Filamu nakala za picha ghafi walizopiga nchini. Ndani ya masharti haya dola inauliza nini kitasemwa juu ya nchi na nchi itapata nini. Yote mawili ni maswali halali. Ila mama anayeuza maandazi pale malori yatakapoegeshwa hamo katika maswali hayo. New York ilianza upande mwingine ikafika karibu na hapohapo. Mwaka 1966 Meya John Lindsay alianzisha ofisi ya filamu ili mtengenezaji apate kibali mahali pamoja badala ya kuzunguka idara moja hadi nyingine, na lengo likawa kuvutia kazi na fedha mjini. Kibali cha namna hii ni mkataba wa watu wawili kuhusu kitu cha mtu wa tatu. Serikali ina mamlaka ya kusimamia barabara, lakini usingizi wa wakazi, biashara zao na sura ya maisha yao si mali ya serikali hata iigawe.

Kinachochukuliwa mtaani ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakoharibu mijadala mingi. Cha kwanza ni utulivu na riziki ya siku zile: kelele za jenereta, wateja waliozuiwa, mgonjwa aliyezungushwa kufika zahanati. Hasara hii inapimika na inaweza kulipwa. Cha pili ni sura ya mahali, nayo haiishi kibali kinapoisha. Huko Albuquerque, Marekani, nyumba ya watu binafsi iliyoonekana kama nyumba ya mhusika mkuu wa tamthilia ya Breaking Bad ilivamiwa na mashabiki waliorusha piza juu ya paa kuigiza tukio moja. Mwaka 2015 mtunzi wa tamthilia, Vince Gilligan, aliwaomba hadharani waache, na mwaka 2017 wenye nyumba wakajenga uzio. Katika mtaa wa Highbridge, Bronx, ngazi ambazo watu walizipanda kila siku kurudi nyumbani zilijaa wapiga picha baada ya filamu ya Joker ya 2019. Karibu na kwetu, The Constant Gardener ya Fernando Meirelles, iliyotoka 2005, iliipeleka Kibera kwenye kumbi za dunia nzima, na watu wasiowahi kukanyaga Nairobi wakaijua kwa mabati na matope yake. Watengenezaji walianzisha mfuko wa kusaidia Kibera na Loiyangalani, ambako pia filamu ilipigwa, na wanastahili shukrani. Mfuko ule ni ushahidi kwamba wao wenyewe waliona wanadaiwa. Lakini deni linalolipwa kwa hiari ya mdaiwa hubaki sadaka, na majirani wanastahili haki yao hata pale wanapokutana na mtengenezaji asiye na moyo wa kutoa.

Wapo watakaosema kwamba masharti zaidi yatafukuza ajira, kwani filamu huajiri mafundi, madereva, mama lishe na vijana wa ulinzi. Ni kweli, na katika miji yenye vijana wengi wasio na kazi si jambo dogo. Lakini hoja hiyo huwapa faida watu fulani na kuwatwika wengine gharama, na mara nyingi anayepata na anayeumia hawakai mtaa mmoja. Kutenga sehemu ya ajira na malipo kwa wakazi wa pale hakuondoi ajira. Kunazifikisha kwa wanaobeba mzigo. Pingamizi zito zaidi ni la uhuru. Mwaka 2005 mtengenezaji wa filamu Rakesh Sharma alizuiliwa na polisi Manhattan akipiga picha na kamera ya mkono, akalishtaki jiji. Kanuni zilizopendekezwa 2007 zingewadai kibali na bima ya dola milioni moja hata watu wawili wenye kamera ndogo waliokaa mahali pamoja nusu saa. Wananchi walipinga, na kanuni za 2008 zikawaachia wenye kamera za mkono wasiozuia njia. Somo lile linatufaa sana huku, ambako filamu nyingi hupigwa na vijana wenye kamera moja na mfuko mtupu. Mzigo wa kibali uendane na mzigo unaowekwa juu ya mtaa. Anayepita na kamera begani ni mpita njia, na njia inayopenya ni yake pia. Anayefunga njia kwa malori ndiye anayedaiwa.

Linabaki pingamizi la tatu: ukiwapa majirani sauti, wenye nguvu wa mtaa watageuza ridhaa kuwa mlungula, na filamu za kweli juu ya umaskini au dhuluma hazitapigwa. Hofu hii inaniambia kwamba sauti ya majirani ni lazima iwe na mipaka. Kila mtu awe na haki ya kukataa mlango wake, uso wake, ibada yake na msiba wake visichukuliwe. Asiwe na haki ya kukataa hadithi isisimuliwe, maana ukweli juu ya mtaa si milki ya wakubwa wa mtaa. Wala ridhaa haiui sanaa: Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyotoka 2010, ilipigwa Kibera na vijana wa Kibera wakiwa waigizaji, na haikufunika ugumu wa maisha ya pale. Basi sheria iseme wazi. Wakazi wapewe taarifa mapema kupitia serikali ya mtaa au sheha, katika mkutano wa wazi na si kwa mazungumzo ya chumbani. Saa za kazi zipishe usiku na sala. Fidia ijulikane kwa viwango vilivyobandikwa, ili asipate nafasi mla rushwa. Na filamu ikikamilika, ioneshwe kwanza pale ilipopigwa, waliobeba uzito wake waione na kuisema. Jirani aliyevumilia bila kuulizwa amedhulumiwa hata kama filamu ni nzuri. Aliyeulizwa, akalipwa, na mlango wake ukaheshimiwa, ametendewa kama jirani, na mwenye kamera amepata kwa haki kile ambacho kibali peke yake hakiwezi kumpa.