Jiwe Limefanywa kwa Nini?

 

Ndugu zetu Waislamu wa pwani! Mtu akitoka darasani petu hapa Migosi, akashika njia ya Bondo, baada ya kiasi cha kilomita 30 hufika penye majabali makubwa yaliyopandana, yaitwayo Kit Mikayi, yaani jiwe la mke mkubwa kwa Kijaluo. Watu huenda huko kuomba, huyu ataka mvua, yule ataka mtoto. Nanyi mkisikia haya mtacheka.

Ngojeni kwanza. Jiwe lile ni itale. Ukivunja kipande ukakitazama juani waona chembe za kwatzi zing'aazo kama kioo, na feldispa nyeupe au nyekundu-nyekundu, na magamba meusi ya ulanga. Yote hayo yalikuwa uji wa moto chini ya ardhi, ukapoa polepole, zaidi ya miaka milioni 2,000 iliyopita. Kisha ardhi ya juu ikaliwa na maji, na jua na mvua zikalipasua jabali hata likawa kama lililopangwa kwa mkono. Basi ni kitu kilichotungwa, na kilichotungwa kina Mtungaji.

Na la kwenu? Jiwe la Mombasa na Malindi ni matumbawe: majumba ya vijidudu vya bahari, kizazi juu ya kizazi, yaliyoachwa nchi kavu bahari iliposhuka, zaidi ya miaka 100,000 sasa. Ndilo lililojenga ngome ya Mombasa iliyoanzwa mwaka 1593. Ndilo lichomwalo tanuuni likawa chokaa. Na kwa chokaa hiyo hiyo twajenga makaburi, kisha baadhi yetu hurudi na ubani na marashi na kitambaa, wakamwomba aliyelala ndani awape mtoto! Kit Mikayi angalau haikujengwa na fundi tuliyemlipa ujira.

Mama atakaye mtoto halaumiwi kwa kutaka. Wa kulaumiwa ni mwenye elimu apokeaye sarafu yake akanyamaza. Sayyidna Umar (R.A.) alipolibusu Jiwe Jeusi alisema mbele ya watu kwamba alijua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na lau hakumwona Mtume akilibusu, asingelibusu.

Darasa ijayo, Inshaallah, tutasoma Surat Fatir, aya ya 27, itajayo rangi za milima. Ajaye na aje na kipande cha jiwe la kwao.