Nani Mkosaji Ndani ya Kioo?

Mwaka jana kaka yangu alituletea nyumbani, hapa Kampala, gurami wawili wa bluu, wote madume, tukawatia katika tangi la kioo la lita 40. Siku ya tatu mmoja alikuwa amejibanza pembeni, mapezi yamechanika. Gurami huvuta pia hewa ya juu ya maji, kwa hiyo hana budi kupanda mara kwa mara. Na kila alipopanda, mwenzake alimrukia.

Mdogo wangu akasema tumtoe “yule mbaya”. Neno hilo lilinikwamisha. Ubaya wa nini? Dume la gurami hujenga kiota cha povu juu ya maji na kuyalinda mayai humo. Hata jike hufukuzwa akishataga. Ukali tuliouona kwetu ndio huohuo unaookoa watoto. Tena huko kwao, katika vinamasi na mashamba ya mpunga ya Asia ya Kusini-Mashariki, anayeshindwa huenda zake na ugomvi ukaishia hapo. Kwetu alikwenda, akafika kwenye kioo, akarudi. Alikuwa akimkimbia adui kwa kumzunguka.

Basi nikaona kwamba kosa ni letu tuliowafungia pamoja bila kuuliza lolote. Mwanafunzi mwenzangu alinipinga: ukisema hivyo, hata mtu anayempiga mwenziwe katika chumba chenye msongamano atasingizia chumba. Hoja yake ina uzito, lakini nadhani inamhusu mtu tu. Mtu anaweza kuulizwa kwa nini, akajibu, akaona haya. Samaki hana pa kuulizwa, kwa hiyo swali linamrudia aliyenunua tangi. (Sitaki kusema kwamba aliyejenga chumba chenye msongamano hana lake la kujibu.)

Kinachonisumbua zaidi ni tulichofanya baadaye. Hatukumtoa mkali, alikuwa mwepesi mno kwa wavu. Tulimtoa mnyonge, kwa kuwa alikuwa amechoka na kukamatika kwake kulikuwa rahisi. Tukamtia ndooni, akaishi siku mbili.

Mkali amebaki na lita zote 40. Nikikaribia kioo huja mbio kudai chakula, nami humpa. Kaka anasema atamtafutia mwenzi.