Uwanja wa Kwenye Video

Walikuwa vijana wa Tabata na Mbagala, Dar es Salaam: mafundi simu wawili, dereva wa bajaji, mhasibu mmoja, na wengine waliokuwa bado vyuoni. Kilichowakutanisha ni magari ya rimoti. Si yale ya kuchezea watoto yanayokufa kabla wiki haijaisha, bali buggy za kipimo cha moja kwa kumi, zenye shokabu za mafuta na mota ya kufika kilomita 60 kwa saa bila kutoa jasho. Kila Jumapili walishindana kwenye sakafu ya saruji nyuma ya ghala la mjomba wa mmoja wao. Kingo za njia zilikuwa mipira chakavu ya kumwagilia bustani, na vilima vya kurukia walivitengeneza kwa mbao.

Wakachoka na saruji. Walisema inakula matairi, na hilo ni kweli: saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio inamaliza meno ya tairi laini haraka mno. Basi wakachangishana, wakakodi kiwanja cha wazi nje ya mji, kisha wakaanza kubishana juu ya kitu kimoja tu: pale chini tuweke nini?

Mhasibu alitaka lami. Akakumbushwa kwamba gari la lami la kipimo hicho huachiwa takribani milimita 5 tu kati ya tumbo lake na ardhi, hivyo kokoto moja iliyobanduka inatosha kulirusha nje ya njia. Akakumbushwa pia bei, akanyamaza. Dereva wa bajaji alitaka waache ardhi ilivyo, wasawazishe tu. Hakusikilizwa, ingawa kwa maoni yangu yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na akili. Kilichoshinda ni simu ya mwanachuo mmoja. Ilikuwa na video ya uwanja wa California: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ukawa mgumu, ukapitiwa na matairi mpaka njia ya mbio ikageuka nyeusi na kung'aa. Gari linaingia kona kama limeshikwa na mkono.

Na ni haki kuipenda video ile. California ndiko mashindano ya kwanza ya dunia ya buggy za umeme za kipimo hicho yalikofanyika, Del Mar, mwaka 1985, na yalifanyika juu ya udongo. Lakini kamera ilikuwa imeelekezwa chini. Haikuonyesha paa. Viwanja vingi vya mfinyanzi vinavyong'aa namna ile viko ndani ya majengo, jua na mvua haviufikii udongo, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha haukauki.

Mzee mmoja aliyewahi kutunza viwanja vya tenisi vya udongo alikuwa akiishi jirani na kiwanja chao. Alipowaona wanapima kwa kamba, akauliza wanachotaka kufanya, wakamweleza.

"Na maji, wanangu?"

"Tutamwagia siku ya mbio, mzee."

"Uwanja wa udongo haumwagiwi siku ya mchezo tu. Humwagiwa hata siku ambazo hakuna mtu."

Wakamshukuru kwa adabu, wakaendelea kupima. Aliwashauri pia wachanganye mchanga, maana mfinyanzi mtupu ukikauka husinyaa na ukisinyaa hupasuka. Hilo nalo likapita. Mchanga, walisema, utaharibu ule mng'ao.

Tipa zikaja na udongo kutoka bondeni kwa wafyatua matofali. Wakakodi mashine ya kushindilia, wakajenga vilima, wakamwaga maji, wakangoja. Jumapili ya kwanza ilikuwa sherehe, nisiwadhulumu. Watu walikuja na watoto, magari yaliruka, picha zikasambaa.

Kisha kila mtu akarudi kazini, na jua likabaki na uwanja. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kwenda na mpira wa maji Jumanne jioni. Baada ya majuma machache njia ilikuwa na nyufa za upana wa kidole. Kidole ni kitu kidogo kwako wewe. Kwa gari lililopunguzwa mara kumi, ni sawa na mtaro unaokatiza barabara ya kweli. Mikono ya magurudumu ya mbele ikawa inavunjika kila raundi. Sehemu zisizopasuka zilisagika zikawa vumbi jepesi kama poda, na vumbi hilo likatafuta njia ya kuingia kwenye beringi. Beringi za magari haya ni pete ndogo, nyingi zina tundu la milimita 5 na kipenyo cha nje cha milimita 10. Ukiitoa iliyokula vumbi ukaizungusha kwa kidole, unaisikia ikisaga. Wakaanza kuagiza boza la maji siku ya mbio, jambo lililozaa utelezi juu na ukavu chini. Halafu masika yakaingia. Tope la mfinyanzi lilijaza meno ya matairi mpaka matairi yakawa vipara, na vilima vikateremka vyenyewe.

Wenye pesa wakanunua matairi ya aina tatu kwa ajili ya hali tatu za uwanja mmoja. Wasio nazo wakaacha kuja. Hapo ndipo klabu inapokufa, si kwenye ufa.

Wakubwa nao wamepitia haya. Mwaka 1985 uwanja wa Spa-Francorchamps, Ubelgiji, uliwekewa lami mpya iliyotengenezwa ili magari ya Formula 1 yashike vizuri kwenye mvua. Iliwekwa siku chache mno kabla ya mashindano ya Juni. Hali ya hewa ikaja na joto, lami ikabanduka magari yakiwa bado kwenye mazoezi, na mbio zikasogezwa hadi Septemba 15. Walijiandaa kwa mvua, wakapigwa na jua.

Vijana wetu sasa wanazungumzia nyasi bandia, kwa kuwa huko Ulaya viwanja vingi vya buggy vimehamia kwenye nyasi hizo na kwenye zulia. Hazina vumbi na mvua hazizijali sana. Ila zinataka sakafu iliyonyooka chini yake, maungio yake hubanduka yasipotazamwa, na zinashika kiasi kwamba gari lililozoea udongo hupinduka kwenye kona. Kwa hiyo swali la mzee liko palepale, limebadilisha nguo tu.

Wewe unayetaka kujenga uwanja, usilipe tipa la kwanza bado. Tengeneza kipande cha mita tatu kwa tatu cha kitu unachokitaka, kiache kipigwe na mvua moja kubwa na wiki mbili za jua, kisha kiendeshee gari lako. Na kabla hujaondoka hapo, andika jina la mtu atakayekuwa na mpira wa maji, au ufagio, au gundi, Jumanne jioni. Jina likikosekana, rudi kwenye saruji ya mjomba.